Koti la Mkono Mmoja

Watu wawili wakishika koti moja Gikomba, Jumamosi asubuhi, bale la mitumba likiwa ndio limefunguliwa, ama koti litapasuka ama watapendana. Hili lilikuwa la sufi nzito, la kijani kizito kama cha chupa, vifungo safu mbili, limeshonwa na watu wanaoijua baridi kwa jina. Halingepasuka.

Mkono wa kushoto wa koti ulikuwa umeshikwa na mwanamume mrefu mwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, chaki ikiwa bado kwenye kiwiko cha shati. Wa kulia ulikuwa umeshikwa na msichana wa sketi ya jinzi na raba nyeupe, kitambaa chekundu kichwani. Nyusi zake zilikuwa zimejaa vumbi la mbao, kana kwamba mtu amempuliza unga usoni.

"Dada, achilia. Nimeshika kwanza."

"Umeshika mkono tu. Mimi nimeshika koti."

"Na hapo ulipo umeshika nini kama si mkono?"

"Mkono ulio karibu na mfuko."

Nduta, mwenye bale, aliinama kutoka juu ya meza yake. "Vutaneni tu. Likipasuka kila mtu atalipa nusu yake, na bei ya nusu ni ile ile."

Mwanamume akalegeza kidogo. "Hebu niambie, unataka kulifanyia nini?"

"Kulikatakata."

"Kulikatakata!"

"Nafanya kazi kwa wachongaji pale Pumwani. Napiga msasa. Twiga wa mbao ukimpaka kiwi halafu umsugue kwa sufi kama hii, mzungu anajiona uso. Wewe je? Nairobi hii, Oktoba hii, koti la theluji la kazi gani?"

"Naenda Lesotho."

"Ni huko mbele ya Limuru?"

Jirani wa meza alicheka, na mwanamume naye akashindwa kujizuia. "Ni nchi. Ndogo, milima mitupu, imezungukwa na Afrika Kusini pande zote."

"Kama mpangaji ambaye akitaka kutoka lazima apitie sebuleni kwa mwenye nyumba."

"Ndiyo hivyo. Nimepata kazi ya kufundisha hesabu huko. Miaka miwili, kuanzia Januari."

Msichana alilitazama koti, akamtazama mwenye kwenda kwenye baridi, akaachilia. "Chukua. Lakini likichakaa ni langu."

"Nitakupata wapi?"

"Uliza Nzembi wa msasa."

Mwalimu Odera wa Kaloleni aliuliza Nzembi wa msasa Jumatatu iliyofuata, koti likiwa halijachakaa hata uzi. Alisema pindo ni refu. Hakuwa amelibeba hilo koti. Khavere, aliyekuwa akipiga msasa kando ya Nzembi, alimwangalia mwalimu kuanzia viatu hadi kichwa na kusema kwa sauti ya kutosha, "Pindo lake mwenyewe ndilo refu."

Wiki sita zikapita hivyo. Jioni kabla ya jua kuzama Odera alikuwa akimsindikiza Nzembi kutoka Pumwani hadi Bahati, wakinunua mahindi ya kuchoma njiani, yeye akimwita "nyar Ukambani," yaani binti wa Ukambani kwa Kijaluo, naye Nzembi akimwita "Mwalimu" kwa namna ambayo hakuna mwanafunzi angethubutu. Siku ambazo hakufika alipiga simu katika ofisi ya ushirika. Hapo ndipo wivu ulipoanza kuota, mdogo mdogo, kama nywele za mtu aliyenyoa juzi.

"Haloo, ushirika wa wachongaji."

"Naomba kuongea na Nzembi tafadhali."

"Wewe nani?"

"Odera."

"Wewe ndiye wa jana? Wa jana alikuwa na sauti nzito zaidi." Kisha sauti hiyo ikapaa hadi uani: "Nzembi! Wa leo huyu!"

Nzembi alipofika kwenye simu alikuta mwalimu anapumua tu.

"Odera? Mpenzi?"

"Ni nani huyo anayepokea simu kila siku?"

"Kitonga. Benchi lake liko karibu na dirisha la ofisi."

"Kitonga ni nani kwako?"

"Mbona? Una wivu?"

"Mimi? Hata. Ameoa?"

"Bado. Anachagua."

Kumbe Kitonga alikuwa mtoto wa dada ya mama yake, yaani kaka kabisa. Neno moja lingemaliza hadithi hii hapo hapo. Lakini Nzembi alipenda vile mwalimu alivyopumua kwenye simu akiwa na wivu, akaamua kulihifadhi hilo neno. Nani kati yetu hajawahi kuchezea kiberiti ili aone tu kama moto utawaka?

Na Nzembi naye alikuwa na moto wa kumchoma yeye. Jina lake lilikuwa Clare. Clare alisoma na Odera chuo cha ualimu, alitangulia Lesotho mwaka mmoja, na ndiye aliyemtafutia nafasi. Barua zake zilikuja katika bahasha za samawati, zenye stempu ya mtu aliyepanda farasi amejifunika blanketi.

"Clare anasema huko watu huvaa blanketi barabarani, na ni heshima."

"Clare anasema."

"Clare anasema mshahara haucheleweshwi."

"Clare hana kazi ya kufanya? Anaandika tu?"

Mwishoni mwa Novemba Nzembi alimpa zawadi. Ilikuwa pimbi wa mbao ya muhugu, saizi ya ngumi, yule mnyama wa miambani, mnene, asiye na mkia. Ameketi, amekunja mikono tumboni kama mtu aliyeshiba ugali wa wengine. "Akae nawe huko milimani," alisema. "Anafanana nawe ukisubiri chai." Siku hiyo hiyo Odera alimwachia koti, safari hii ni kweli, apunguze pindo.

Sasa sikiliza makosa mawili yalivyotokea siku moja, mtaa huu na mtaa ule.

La kwanza lilitokea shuleni, katika chumba cha walimu. Odera alimweka pimbi juu ya daftari za kusahihishwa ili watu waulize. Aliyeuliza ni Mwalimu Musau, ambaye baba yake alikuwa mchongaji. Musau hakuangalia uso wa pimbi. Alimpindua akaangalia matako, wanavyofanya watu wa kazi hiyo.

"Mia mbili sabini na moja," akasoma.

"Hiyo ni bei?"

"Ni namba ya fundi. Kila mwanachama ana yake, inaandikwa chini ili ijulikane kazi ni ya nani. Hii ya Kitonga. Kijana mrefu hivi, hana mke. Anajua kweli, huyu jamaa."

Odera alimrudisha pimbi juu ya daftari. Pimbi alionekana kucheka. Kwa hiyo zawadi niliyopewa na mpenzi wangu, aliwaza mwalimu wa hesabu, imetoka mikononi mwa Kitonga. Amemwomba amchongee? Au Kitonga alimpa yeye, naye kanipa mimi makombo?

Kosa la pili lilitokea Bahati, kitandani kwa Nzembi, koti likiwa limelazwa kifudifudi na uzi uko kwenye sindano. Mfuko wa ndani ulikuwa na kitu. Ilikuwa karatasi ya grafu, imepigwa mstari katikati kwa rula. Upande mmoja: Faida. Upande wa pili: Hasara. Juu yake, kwa mwandiko uliozoea ubao: Kuhamia Lesotho.

Kwenye faida, mshahara unaingia mwezi ukiisha. Hakuna mbu. Watoto husimama mwalimu akiingia. Farasi, nitajifunza kupanda. Nyumba ya shule, vyumba vitatu. Clare yuko, atanionyesha mambo.

Nzembi aliruka upande wa pili, kidole kikitangulia. Baridi ya Juni. Sijui Kisotho. Mama na goti lake. Gor Mahia watacheza bila mimi. Hakuna omena.

Akageuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe. Akairudia hasara polepole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Goti lilikuwemo. Omena, vile vidagaa vya ziwani, walikuwemo. Yeye hakuwemo.

"Omena," aliliambia koti.

Alichukua mkasi. Hakulia, mtu hawezi kulia na kukata sufi nene wakati mmoja. Aliutoa mkono wa kulia wa lile koti begani, ule ule alioushika siku ya Gikomba, na asubuhi akaenda nao kazini.

Ndiyo maana Odera alipotokea uani saa nne, pimbi mkononi, alimkuta Nzembi amevaa aproni ya gunia akimsugua twiga kwa kitu cha kijani. Twiga alikuwa anang'aa kupita kiasi.

"Huyu ni wa nani?" Odera alimwinua pimbi juu.

"Wako. Nilikupa."

"Nani alimchonga?"

"Kwa nini unauliza?"

"Chini kumeandikwa mia mbili sabini na moja. Nimeambiwa hiyo ni ya Kitonga. Kitonga anayechagua!"

Tezo za kuchongea zilinyamaza kwenye benchi zote. Kitonga mwenyewe, aliyekuwa amekaa chini ya dirisha na kiboko wa mbao kati ya magoti, aliinua kichwa. "Nimefanya nini tena?"

"Wewe nyamaza, kaka," alisema Nzembi.

"Kaka?" alisema Odera.

"Mama yake na mama yangu tumbo moja. Na huyo pimbi nimemchonga mimi. Wanawake hapa tunapiga msasa, Mwalimu. Namba ni za wanaume. Nikichonga Jumapili nyumbani, kazi inauzwa kwa namba ya kaka yangu. Ona, kuna mtu mwingine hapa anachonga pimbi? Wote ni twiga, twiga, twiga!"

"Mimi nachonga viboko," alisema Kitonga.

"Mbona hukuniambia?" Odera alisema, sauti imeshuka.

"Uliniuliza? Ulitosheka kwamba mimi ni msichana wa msasa. Kamati ya ushirika inakaa Jumamosi ya pili ya Januari kuamua kama nipewe namba yangu. Ya kwanza kwa mwanamke. Nimeingoja miaka mitatu. Na wewe utakuwa umeshafika kwa Clare!"

"Clare ameingiaje?"

Nzembi aliivuta ile karatasi ya grafu kutoka kwenye aproni. "Vyumba vitatu! Clare yuko! Halafu huku: goti, mpira, omena. Odera, omena wamepata nafasi. Wewe utawakumbuka omena kuliko mimi?"

Khavere alipiga ulimi. Mwanamume mmoja wa benchi la nyuma alisema, "Yaani omena kabisa?" na akaambiwa anyamaze.

Odera alikuwa amekiona kile kitambaa cha kijani mkononi mwa Nzembi. "Huo ni mkono wa koti langu?"

"Jibu kwanza."

"Kwenye hasara niliandika vitu ninavyoviacha," alisema. "Wewe sikuwa nakuacha. Vyumba vitatu ni nyumba ya mwalimu mwenye familia. Nilimwandikia Clare aniombee hiyo. Nilidhani..." Hapo akaona, mbele ya watu thelathini, jinsi sentensi hiyo ilivyokuwa inakwenda vibaya.

"Ulidhani," alisema Nzembi. Sasa alikuwa ametulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulinipakia tayari. Kama koti. Sasa nikuulize swali moja tu la jiografia, Mwalimu. Huko Lesotho kuna miti?"

"Miti?"

"Miti. Mimi huchonga miti. Uliuliza mshahara, ukauliza mbu, ukauliza farasi. Uliuliza kama kuna miti?"

Nzembi alimrushia koti lililobaki. Mkono ule hakumpa.

Siku kumi zilipita bila simu ya Odera. Kitonga alikuwa akiinua simu kila ilipolia na kusema, "Si yeye," kabla hajaulizwa. Siku ya kumi na moja Khavere alikuja kazini mbio, leso imemteleza shingoni.

"Nimemwona mjini. Ukumbi wa simu za nje. Yuko ndani ya kile kijumba cha kioo."

"Anaongea na nani?"

"Nilisikia akisema 'Clare' kabla hajafunga mlango."

Karatasi ya msasa ilisimama. "Kwa sauti gani?"

"Ya kawaida."

"Kawaida ya mwalimu au kawaida ya mwanamume?"

"Nzembi, kioo ni kinene! Alikuwa anacheka. Halafu anaandika. Halafu anacheka."

Nzembi alimsugua swara mmoja mpaka masikio yakawa membamba kama karatasi. Kitonga akaja akamnyang'anya kimya kimya.

Jumamosi iliyofuata, Desemba imewaka, lami ya barabara inanata kwenye viatu, kelele zilianza upande wa Gikomba na kuja zikikaribia. Watu walikuwa wanapiga miluzi. "Buda, umeibiwa mkono?" "Teacher, mmegawana na nani?" Katikati ya miluzi hiyo alikuja Mwalimu Odera, amevaa koti la sufi jua likiwa utosini, vifungo vyote vimefungwa, mkono mmoja wa kijani na mwingine shati jeupe tupu. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni. Alikuwa ametembea kutoka Kaloleni hivyo hivyo.

Alisimama mbele ya benchi la msasa, akatoa karatasi mpya.

"Nimeuliza," alisema. "Miti ni michache. Milima mingi iko wazi, nyasi tu. Kuna miti ya pichi kwenye nyua za watu. Kando ya mito kuna miti fulani matawi yake yameinama kama nywele zilizotoka kuoshwa, lakini mbao yake ni laini, haishiki tezo. Vijijini watu wanapikia samadi iliyokaushwa. Muhugu hakuna. Mpingo hakuna. Nimeweka kwenye hasara, namba moja. Omena nimewafuta."

Nzembi alitazama karatasi, asiichukue. "Na wewe na Clare mlikuwa mnacheka nini?"

"Mimi. Alisema hajawahi kusikia mtu akilipia simu ya nje kuulizia miti."

"Ulimpenda?"

Odera alijifuta jasho kwa ule mkono uliobaki.

"Zamani, chuoni. Nilimwandikia barua, akairudisha imesahihishwa makosa kwa kalamu nyekundu."

Uani kote watu walicheka, na Nzembi, aliyekuwa ameapa kutocheka, akauma midomo. Wivu wake haukufa. Ulikaa tu chini, kama mbwa aliyeambiwa aketi.

"Na kuna ujumbe wako," Odera aliendelea. "Amesema: mwambie huyo msichana asije kabla hajapewa namba yake."

"Clare amesema hivyo?"

"Neno kwa neno. Nzembi, nilitaka kukuuliza kitu mbele ya hawa wote..."

"Usiniulize." Alisimama, akampangusa vumbi kwenye ukosi wa koti, na mkono wake ukakaa hapo. "Nikikujibu leo, nitakuwa najibu kama msichana asiye na kitu cha kuacha. Ngoja nipewe changu. Halafu uniulize."

"Na mkono wa koti?"

"Unabaki. Utaganda kidogo, mpenzi. Itakusaidia kukumbuka."

Odera aliondoka tarehe sita Januari. Pindo la koti Nzembi alikuwa amelishona vizuri. Begani upande wa kulia palikuwa na tundu.

Jumamosi ya pili wazee wa kamati hawakutaka maneno, walitaka kuona. Nzembi alikaa benchi la mbele na kipande cha muhugu tangu saa tatu. Saa kumi, chai ilipoletwa, palikuwa na pimbi mezani, amekunja mikono tumboni, na mwenyekiti alikuwa anamwangalia huku chai yake inapoa.

Simu ililia Jumanne.

"Haloo, ushirika."

"Shemeji Kitonga, nipe Nzembi."

"Shemeji tangu lini? Mbuzi wameletwa wapi, mbona sijawaona?"

"Kitonga, simu inakula!"

Nzembi alifika na unga wa mbao hadi kope. "Mwalimu."

"Wamesemaje?"

"Mia nne kumi na nane."

Kutoka mbali, kupita nchi sijui ngapi, akasikia mtu akipiga kelele za furaha, na nyuma yake mwingine akipiga makofi.

"Ni nani huyo?"

"Clare. Tuko ofisi ya shule, hapa ndipo kuna simu."

"Makofi yake ni marefu."

"Amefurahi. Nyar Ukambani, huku kunanyesha kila jioni na upande wangu mmoja unalowa. Lakini usijali, Clare amepata kipande cha blanketi, anasema atanishonea mkono mwing..."

"Asiguse!" Nzembi alipiga kelele hadi uani misasa ikanyamaza. "Odera, unanisikia? Mwanamke yeyote akitia sindano kwenye hilo koti, siji! Siji kabisa!"

Simu ilikwaruza. Alipoongea tena, Odera aliongea polepole, kama anayepita darasani akiwa na mtihani mkononi.

"Kwa hivyo ulikuwa unakuja."

Nzembi aligeuka. Dirishani palikuwa na Kitonga na kiboko chake, Khavere na leso yake, na nyuma yao benchi zote.

"Niulize basi," alisema.

"Utakuwa mke wangu?"

"Wa Mwalimu Odera, na mia nne kumi na nane. Vyote viwili. Nitachonga huko na kutuma huku, na chini itaandikwa namba yangu. Nakuja Juni na magogo matatu ya muhugu, kwa hivyo anza kutafuta farasi mwenye mgongo imara. Miaka miwili, halafu tunarudi."

"Juni ndiyo baridi yenyewe."

"Najua. Niliisoma kwenye hasara." Akauvuta ule mkono wa kijani kutoka kwenye aproni, ulionuka kiwi, akauviringisha kiganjani. "Mpaka hapo, mkono wako wa upande huo uweke mfukoni. Na mpe Clare simu, nimwambie mimi mwenyewe."